Chuma kati ya miembe miwili

Ninyi mnaotujua, mnatujua kama mtu wa chaki na katekisimu. Kwa zaidi ya miaka 25 tumesimama mbele ya ubao hapa Lubumbashi, siku za juma katika shule ya msingi, na Jumamosi katika mafundisho ya parokia. Leo tunapenda kuwaeleza habari ya jambo ambalo hatukulifundisha, bali tulifundishwa, na waliotufundisha ni vijana wenzenu. Ni habari ya mazoezi ya mwili yanayofanywa nje, chini ya miti, pasipo jumba la mazoezi wala mashine. Ni habari pia ya kosa letu, maana hatuwezi kuieleza ile ya kwanza tukaificha hii ya pili.

Nyuma ya ukumbi wa parokia kuna miembe miwili iliyosimama karibukaribu. Miaka mitatu iliyopita vijana saba, wavulana watano na wasichana wawili, waliokota bomba la maji la chuma lililokuwa limetupwa, wakalifunga kwa waya kati ya miti hiyo, juu kidogo kuliko kimo cha mtu. Hawakuwa na fedha ya kulipa kila mwezi katika majumba ya mazoezi ya mjini. Kwa wengi wao fedha hiyo ni ya unga wa nyumbani. Basi kila alfajiri, kabla ya shule na kabla ya kazi, walikutana hapo. Walijivuta juu ya chuma, walipiga pompe, walipanda na kushuka ngazi za ukumbi, wakihesabu kwa sauti na kuchekana.

Sisi hatukupendezwa. Tuliona vijana wanaotazama mikono yao kuliko vitabu vyao. Tuliona wavulana waliovua mashati karibu na kanisa. Jumamosi moja, mbele ya wakatekumeni wote, tuliwasimamisha, tukawauliza kama walikuja parokiani kuokoa roho au kunenepesha mabega. Watoto walicheka. Mmoja wao, kijana wa miaka 19 anayepakua magunia ya unga sokoni, alijibu kwa adabu, mikono yake ikiwa nyuma: “Papa Mwalimu, hatutafuti kitu kingine. Tunatafuta nguvu tu.” Tulimwambia kwamba hata punda ana nguvu. Watoto walicheka tena, nasi, tunakiri, tulikifurahia kicheko hicho. Kisha tuliamuru chuma kiondolewe, kikafungiwa katika ghala pamoja na viti vilivyovunjika.

Yule kijana hakusema neno. Alifungua waya mwenyewe.

Mwezi wa Januari uliofuata, mvua za hapa kwetu zilikuwa katika ukali wake. Usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika, mama yetu mzazi, ambaye alikuwa amepita miaka 80 na aliishi nasi, alitoka nje bila kumwamsha mtu, akateleza katika tope uani. Tulisikia sauti yake, tukatoka na taa ya simu. Alikuwa amelala ubavu, mvua ikimnyeshea, naye akijaribu kujifunika miguu kwa kitenge chake.

Tuliinama tumwinue. Mama yetu hakuwa mtu mnene. Uzee ulikuwa umempunguza. Lakini magoti yetu yalikataa. Tulimwinua nusu, mgongo ukatushika, tukamshusha tena topeni. Mara ya pili tulishuka pamoja naye. Mama wa watoto wetu alikuwa na mkono mgonjwa, na watoto wetu wakubwa wanaishi mbali. Hapo mama yetu alisema maneno ambayo hata leo yanatuamsha usiku: “Acha, mwanangu. Utaumia. Niache tu mpaka kuche.”

Wapendwa vijana, tuliwahi kufundisha amri ya nne kwa mamia ya watoto. Tuliweza kuieleza kwa mifano mingi. Usiku ule tulikuwa tumepiga magoti mbele ya mama yetu, tunampenda kwa moyo wote, na hatukuweza kumwondoa katika mvua.

Aliyetusikia tukiita ni jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa ni yule kijana wa magunia. Hakuuliza lolote. Alichuchumaa karibu kabisa na mama, akamwambia, “Koko, nishike shingoni,” akampitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, akasimama. Alisimama kwa miguu, si kwa mgongo. Hilo tuliliona hata katika giza. Na kwa sababu hakuna gari lililoweza kuingia katika avenyu yetu usiku ule, alimbeba hadi kituo cha afya, mwendo wa zaidi ya robo saa, akipumzika mara mbili tu. Sisi tulifuata nyuma tukishika taa.

Muuguzi alimpima mama, akasema hakuna mfupa uliovunjika. Alituonya pia kwamba tulibahatika: mtu mzee akianguka na kulalamikia nyonga au mgongo, asiinuliwe hivyo mikononi, bali atafutwe mlango au ubao, na watu wanne wambebe akiwa amelala. Kisha alitutazama sisi tulivyokuwa tunahema, akatufunga kile kitambaa cha kupimia mkononi. Tansio yetu ilikuwa juu. Alituambia tupunguze chumvi, tunywe dawa, na tuutumikishe mwili. “Mwili wenu umekaa mno, Mwalimu,” alisema.

Tangu usiku ule miguu ya mama haikurudia nguvu yake. Ilibidi kila asubuhi ainuliwe kitandani na kupelekwa kwenye kiti chake juani, na jioni arudishwe. Siku za kwanza kijana yule alikuja kabla ya kazi yake na baada ya kazi yake. Juma la pili tuliona kwamba haifai. Mama ni wetu.

Jumamosi iliyofuata tulifungua ghala, tukatoa chuma. Mbele ya wakatekumeni walewale tuliowachekesha, tuliwaomba radhi wale saba. Tuliwaambia kwamba tuliwahukumu bila kuwauliza, na kwamba tulitumia kicheko cha watoto kama fimbo. Haikuwa rahisi, na sauti haikutoka vizuri. Baadaye tulimwendea yule kijana peke yake, tukamwuliza kama angekubali kutufundisha. Alishangaa, akatazama chini. “Papa Mwalimu, nitaanzaje kuwafundisha ninyi?” Tulimjibu: “Kama vile unavyomfundisha asiyejua kitu.”

Alituanzisha ukutani. Tulikuwa tumedhani tutalala chini na kupiga pompe kama wao. Yeye alituweka mbele ya ukuta wa ukumbi, hatua moja na nusu nyuma, viganja ukutani, akatuambia tushuke polepole mpaka paji la uso likaribie matofali, kisha tusukume. Mara 10, pumziko, mara 10 tena, na mara 10 za mwisho. Tuliona haya, kwa maana wasichana wadogo walikuwa wanapita kuteka maji. Baada ya majuma matatu alituhamishia kwenye benchi, mikono juu ya benchi, miguu chini. Baadaye kwenye ngazi ya chini kabisa ya ukumbi. Ilipofika Pasaka tulikuwa chini kwenye udongo.

Mwalimu aliyesomea kazi yake hawezi kukosa kuitambua njia hiyo. Katika shule ya ualimu tulifundishwa kwamba mtoto huongozwa kutoka lililo jepesi kwenda lililo gumu, na kutoka analolijua kwenda asilolijua. Mwili nao ni mwanafunzi. Anayepiga pompe juu ya udongo anasukuma karibu theluthi mbili za uzito wake mwenyewe; aliyeinua mikono yake juu ya benchi anasukuma karibu nusu; aliyesimama mbele ya ukuta anasukuma sehemu ndogo tu. Kwa hiyo asiye na mashine ya kuongeza na kupunguza uzito anayo njia nyingine: abadilishe mahali pa mikono na miguu. Mizani iko katika mwili wenyewe.

Ni vivyo hivyo katika kujivuta. Vijana walifunga bomba la pili chini zaidi, kwenye kimo cha kifua. Tulilishika, tukapeleka miguu mbele hadi mwili ukainama kama ngazi iliyoegeshwa, tukavuta kifua kufikia chuma. Kadiri miguu ilivyokwenda mbele, ndivyo kazi ilivyokuwa nzito. Miezi ikapita, tukafika kwenye chuma cha juu. Huko tulianza kwa kushuka: tunapanda juu ya kigoda mpaka kidevu kinapita chuma, kisha tunajiachia polepole tukihesabu hadi 5. Kushuka polepole hujenga nguvu ya kupanda. Mwezi wa saba, tukiwa na miaka 54, tulijivuta mara moja bila kigoda. Mara moja tu. Vijana walipiga vigelegele kama kwamba Mazembe wamefunga bao.

Na kwa kuwa tumeitaja Mazembe: ni aibu kwetu kwamba tulisahau historia ya mji wetu. Timu ile ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa shule yao, wakati mji huu ulipoitwa Élisabethville. Mapadri wale hawakuona kwamba mpira unaiibia roho kitu. Mwaka 2010 timu hiyohiyo ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, na watoto wa Katanga nzima wakajifunza kuruka kwa matako kama kipa Robert Kidiaba. Jaribuni kuruka hivyo mara 10, mtajua kwamba lile nalo ni zoezi, tena la tumbo na mapaja! Na mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji na taji linalonyauka, aliwaandikia watu waliojua vizuri anachosema, kwa maana karibu na mji wao ilifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Hakuwakemea wanariadha, aliwafanya kuwa mfano.

Tulikumbuka pia jina tulilolisikia tulipokuwa tunajifunza ualimu: Georges Hébert, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1957. Huyo aliona kwamba binadamu hahitaji vyombo vingi ili awe na nguvu. Alipanga mazoezi yake katika matendo 10 ambayo kila mtoto wa kijijini anayajua: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa kwa mikono na miguu, kupanda, kujisawazisha juu ya kitu chembamba, kuinua, kutupa, kujikinga na kuogelea. Tena alifundisha kwamba mtu atafute nguvu ili apate kuwafaa wengine. Tulipolisoma fundisho hilo ujanani, tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Kijana wa magunia hakuwahi kulisoma, lakini alilitenda katika mvua.

Sasa, kwa wale watakaotaka kuanza, tunaandika hapa yale tuliyoyaona kuwa ya kweli katika miaka hii.

Siku tatu kwa juma zinatosha: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, pamoja na dakika 150 au zaidi za mwendo wa kutosha, kama kutembea kwa haraka. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Anayeichosha kila siku ni kama mkulima anayefukua mbegu kila asubuhi aone kama imeota.

Anzeni kwa kuamsha mwili kwa dakika 10, hasa mwezi wa Juni na Julai ambapo asubuhi zetu ni za baridi. Kisha fanyeni mambo manne: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kusimama, na kujishikilia kama ubao juu ya viwiko na ncha za vidole vya miguu huku mgongo umenyooka. Zungukeni mara tatu. Acheni mkiwa bado mnaweza kuongeza mara moja au mbili. Yule anayejisukuma mpaka anaanguka hujifunza kufanya vibaya. Andikeni hesabu katika daftari, mtu asidanganywe na kumbukumbu yake.

Kagueni chuma kila siku kabla ya kujitundika. Waya hulika kwa kutu, na tawi lililotobolewa na mchwa linaonekana zima kwa nje. Vijana wetu walizungushia miembe vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu, ili waya usiukate ubao wa mti. Mti ukifa, chuma kitafungwa wapi?

Kuleni mnachokipata kwa busara. Bukari pekee halijengi misuli. Maharagi, karanga na dagaa hujenga, navyo havihitaji duka la mjini. Jihadharini na wale wanaouza vidonge na sindano za kunenepesha mwili haraka. Tumemwona kijana aliyevimba kwa miezi miwili, kisha akalala kitandani kwa muda mrefu kuliko huo. Jihadharini pia na mashindano ya kila siku. Wawili kati ya wale saba walijaza simenti katika makopo ya rangi, wakayatia kwenye bomba, wakashindana kuinua. Mmoja aliumia bega, akakaa miezi mitatu bila kazi. Na ninyi wenye umri kama wetu, au wenye ugonjwa wa moyo au tansio, pimweni kwanza, na msizuie pumzi mnaposukuma.

Juu ya mashati, tulipatana: watu wavae, na wakati wa Misa chuma kinyamaze. Hawakuona ugumu wowote. Kumbe ilitosha kuwaomba.

Na mama yetu? Miezi minne baada ya ile Jumamosi ya kuomba radhi, tulimwinua kitandani peke yetu. Tulichuchumaa karibu naye, tukamweka kifuani, tukasukuma ardhi kwa miguu. Tulipomfikisha kwenye kiti chake juani, alitutazama kwa muda, akasema: “Leo huhemi, mwanangu.” Mengi tumeyapokea maishani, pamoja na vyeti vya serikali na vya jimbo, lakini hakuna lililotufurahisha kama neno hilo. Tulimwinua hivyo kila siku, asubuhi na jioni, kwa mwaka mmoja na zaidi. Alitutoka mwezi wa Agosti uliopita, katika kiangazi, akiwa kitandani pake, na si topeni.

Baada ya matanga tuliamka alfajiri kama kawaida, tukakaa ukingoni mwa kitanda. Mikono ilikuwa na nguvu ambayo haikuwa na mzigo. Hatujui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Tuliondoka, tukaenda kwenye miembe. Vijana walikuwapo. Hakuna aliyetupa pole kwa maneno. Walitupisha tu kwenye chuma.

Majuma machache baadaye, mmoja wa wale wasichana wawili alileta wazo. Katika daftari lao, penye safu za pompe na kujivuta, alichora safu nyingine kwa rula, akaandika juu yake: “Mzigo”. Maana yake, kila mmoja aandike mwisho wa juma ni mzigo wa nani alioubeba kwa nguvu aliyoipata hapo. Safu hiyo ina mambo madogo. Ndoo za maji za mjane wa kona. Kitanda cha mgonjwa kilichotolewa nje ili nyumba ifagiliwe. Mtoto mwenye ulemavu aliyebebwa mpaka shuleni wakati njia imejaa maji. Kuna majuma ambayo safu hiyo ni tupu kwa baadhi yetu, na yetu imekuwa tupu zaidi ya mara moja. Hapo hatufuti wala hatubuni; tunaacha mahali peupe, tupaone.

Basi, katika vikundi vyenu, zungumzeni haya. Ni nani katika mtaa wenu aliyelala mahali ambapo hawezi kuinuka mwenyewe, na ni nani kati yenu angeweza kumwinua usiku wa leo? Ni nani mliyemcheka kwa sababu alitafuta nguvu kwa njia msiyoifahamu? Na ninyi mlio na nguvu tayari, mkifungua daftari lenu, safu ya mwisho inasema nini?

Chuma kipo mahali pake. Tunaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, na asiyeweza kujivuta ataanzia ukutani, kama tulivyoanzia sisi.